Niliiita Dawa ya Usingizi

Kwa miaka mingi niliwadanganya wagonjwa kuhusu dawa niliyokuwa nawapa kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi ni muuguzi wa wodi ya akili katika hospitali moja ya mkoa, Tanzania. Dawa yenyewe ni amitriptilini ya miligramu 25, inayotibu sonona. Mgonjwa akiniuliza, "Sista, hii ni ya nini?" nilimjibu, "Ya usingizi." Akiendelea kuuliza nilimwambia ameze kwanza, maelezo atayapata kwa daktari. Naye daktari alipita raundi akiwa na wodi nzima ya kuona kabla ya saa sita, akiamini kwamba maelezo nimeshayatoa mimi.

Jibu langu lilikuwa na nusu ya ukweli, ndiyo maana lilidumu. Amitriptilini inalaza kweli. Mtu ambaye hajafumba jicho siku nyingi akimeza dozi yake saa mbili usiku, mara nyingi usiku uleule anapata usingizi. Lakini kazi iliyomfanya daktari aiandike, ya kumwondolea mgonjwa huzuni na kumrudishia hamu ya kuishi, huja polepole: wiki mbili, nne, pengine sita. Katika kipindi hicho cha kungoja mgonjwa anayapata maudhi ya dawa kabla ya faida yake. Kinywa kinakauka mpaka ulimi unanata. Choo kinafunga. Akiinuka ghafla kitandani anaona giza. Akishika Biblia au Kurani, herufi zinaingia ukungu.

Sasa mtu huyo, ambaye ameambiwa tu kwamba anameza dawa ya usingizi, anapiga hesabu yake. Usingizi umerudi. Kinywa kimekauka na choo hakitoki. Basi dawa imeshamaliza kazi na sasa inaanza kumdhuru. Anaacha. Ningekuwa mimi, ningeacha pia. Lakini sisi kwenye faili tuliandika kwamba mgonjwa hafuati masharti ya dawa, na aliporudi kulazwa tulimpokea kwa lawama: "Si tulikwambia usiache?" Tulimwambia asiache. Hatukumwambia ni kwa nini.

Nilifundishwa jibu lile na walionitangulia wodini, nami nikawafundisha walionifuata. Tulikuwa na sababu zetu, na wakati ule niliziona za busara. Mgonjwa akisikia "dawa ya akili" ataikataa, maana mtaani ataitwa kichaa. Akitajiwa maudhi atayasikia hata yasipokuwepo. Ndugu nao walitusihi tunyamaze. Mume mmoja aliniomba dawa ya mkewe niisage niitie kwenye uji wa asubuhi, mke asijue. Niliitia. Yule mama hakuwa amekataa dawa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nyuma ya sababu zote hizo kulikuwa na nyingine ambayo hatukuitaja: wodi ya watu wasiouliza ni nyepesi kuiongoza, hasa usiku mkiwa wauguzi wawili.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba nilijua namna nyingine ya kufanya kazi. Kabla ya kuhamishiwa wodi ya akili nilikuwa CTC, kliniki ya wenye virusi vya Ukimwi, ng'ambo ya uwanja wa hospitali hiyohiyo. Tangu dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zianze kutolewa bure nchini mwaka 2004, kule mtu haanzishiwi dawa bila kukalishwa chini na kupewa ushauri nasaha. Anaambiwa dawa inafanya nini mwilini, itamsumbua vipi siku za mwanzo, afanye nini akisahau dozi, na kwamba ni ya maisha. Anahimizwa aje na mtu wake wa karibu naye asikie. Nimewaona mabibi ambao hawakuingia darasa la kwanza wakinitajia dawa zao kwa majina na saa za kuzimeza. Kwenye kifua kikuu ni hivyohivyo: mgonjwa anajua siku ya kwanza kwamba safari ni ya miezi sita. Kazi ile niliifanya na niliiweza. Nilipovuka uwanja niliiacha kulekule, kwa kuwa ndani yangu niliamini kwamba mtu mwenye ugonjwa wa akili hana akili ya kupokea maelezo. Hilo ndilo kosa langu hasa. Uongo wa usingizi ulizaliwa na imani hiyo.

Na dawa hizi zenyewe zina historia inayofanana na kosa langu. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View huko Staten Island, New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya ya kifua iitwayo iproniazidi. Wagonjwa walioimeza wakachangamka, wakala, wakacheza dansi wodini, hata wale ambao mapafu yao yalikuwa hayajapona. Ndipo ikaanza kufikiriwa kwamba huzuni ya ugonjwa inaweza kutibiwa kwa kidonge. Miaka michache baadaye, Roland Kuhn, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Münsterlingen, Uswisi, alikuwa akijaribu imipramini kwa ugonjwa mwingine. Haikufaa huko, lakini aliona kwamba wenye sonona wanaamka. Alitangaza matokeo yake mwaka 1957. Amitriptilini ni ya ukoo wa imipramini, nayo iliingia sokoni Marekani mwaka 1961. Mwaka 2019 wanahistoria waliopekua majalada ya Münsterlingen walichapisha kitabu kinachoonyesha kwamba Kuhn aliwajaribia wagonjwa wengi sana dawa ambazo hazijaidhinishwa, na wengi wao hawakuelezwa walichokuwa wanameza. Niliposoma habari hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Mimi sikuwa najaribu dawa kwa mtu. Lakini mgonjwa wa Münsterlingen na mgonjwa wangu wangeulizwa, "Unameza nini?" wote wawili wasingekuwa na jibu.

Nieleze sasa habari ya bibi mmoja na binti yake.

Dada mmoja fundi cherehani alilazwa kwetu akiwa hali, halali, hajashika mkasi kwa muda mrefu. Kwao walisema ana mawazo. Alikaa nasi, akapata nafuu kidogo, akaruhusiwa kwenda kuendelea na dawa nyumbani. Siku ya kuondoka nilimfungia vidonge mimi mwenyewe kwenye kile kifuko cha nailoni, na juu yake nikaandika kwa kalamu ya bluu: *Usingizi. 2 usiku.* Sikuandika jina la dawa wala jina la ugonjwa. Akashukuru, akakisukumia kwenye pindo la kanga.

Nyumbani alilala vizuri. Alipoona analala akaacha kumeza, na vidonge vikabaki. Mama yake mzazi, bibi wa zaidi ya miaka sabini, alikuwa amekuja kumuuguza, naye ugeni ulikuwa umemnyima usingizi. Binti akafanya ambalo mtoto yeyote mwema angefanya: akampa mama yake vidonge viwili, usiku, kama kifuko kilivyoandikwa.

Siku ya tatu bibi alianza kuongea na watu waliokufa zamani. Alimwita binti yake kwa jina la dada yake marehemu, akawa anashona hewani kwa vidole. Tumbo la chini lilijaa likawa gumu, mkojo hautoki tangu jana yake. Majirani walisema malaria imempanda kichwani. Mmoja akashauri apelekwe kwa mganga. Bahati nzuri walimleta hospitali.

Daktari wa zamu aliuliza amekula nini, amemeza nini. Binti akatoa kifuko. Neno "usingizi" halimwambii daktari kitu: kuna diazepamu, kuna fenobabitoni, kuna dawa za mzio zinazolaza, na kila moja ina hatari zake. Mtu mmoja pale alitambua mwandiko. Nilikuwa zamu ya usiku, nikaitwa. Daktari akanyanyua kile kifuko mbele ya taa, akaniuliza, "Sista, hii ni ya nini?"

Lilikuwa swali lilelile la wagonjwa wangu. Safari hii nilijibu: "Amitriptilini. Ya sonona."

Akaelewa papo hapo. Dawa hii kwa mzee inaweza kuzuia mkojo na kumvuruga fahamu. Haifai kupewa mzee bila uangalizi, na aliyezidisha dozi yake moyo unaweza kwenda mrama. Bibi aliwekwa mpira wa mkojo, akapimwa moyo, dawa ikasimamishwa. Baada ya siku chache alimtambua binti yake na kuomba chai. Alipona.

Usiku ule, wakati bibi ametulia, binti alikuja kukaa kando yangu kwenye benchi la korido. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Alisema, "Sista, wewe si uliniambia ni ya usingizi? Na mama alikuwa hapati usingizi." Nikanyamaza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi mlikuwa mnanitibu nini?"

Alikuwa amelala wodini kwetu, amemeza dawa zetu, ameandikiwa faili lenye kurasa, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumtajia ugonjwa wake. Nilimweleza palepale korido, kwa sauti ya chini, mambo niliyopaswa kumweleza siku ya kwanza. Nilipofika kwenye dalili, kwamba sonona humfanya mtu ajione mzigo na kuona kesho haina maana, alianza kulia. Akasema alidhani ni roho yake tu imekuwa mbaya. Alikuwa pia na kichefuchefu, jasho na machozi ya ghafla tangu aache vidonge. Sehemu ya hayo yatokana na kuacha dawa kwa mkupuo, nalo hilo hakuwa ameambiwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwa muda mrefu sikulisema. Taarifa ya tukio iliandikwa kwamba ndugu alimpa bibi dawa isiyo yake bila ushauri wa daktari. Hilo ni kweli. Nililetewa nikaweka sahihi. Neno nililoandika juu ya kifuko halikutajwa popote, na niliona halikutajwa, na nilinyamaza. Kwa karatasi ile mwenye kosa akawa yule binti.

Baadaye nilianza kusoma, nikitafuta kwanza kujitetea. Nilitaka kupata mahali panaposema kwamba ukimweleza mgonjwa ataacha dawa. Nilikuta kinyume chake. Utafiti mmoja wa Seattle, Marekani, uliochapishwa mwaka 1995, uliwafuatilia wagonjwa 155 walioanzishiwa dawa za sonona. Asilimia 28 waliacha ndani ya mwezi wa kwanza, na kufikia mwezi wa tatu walioacha walikuwa asilimia 44. Walioendelea zaidi mwezi ule wa kwanza ni wale walioambiwa mambo ya kawaida kabisa: ameze kila siku, faida itachukua wiki kadhaa, aendelee hata akijisikia nafuu, asiache bila kuuliza, na akiwa na swali amuulize nani. Ni maneno ya dakika tano. Nilikuwa nimewanyima watu maneno ya dakika tano kwa miaka, nikisema sina muda, halafu nikatumia saa nyingi kuwapokea tena walipozidiwa.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara yake ya 25 inataka mtu atibiwe kwa ridhaa yake mwenyewe baada ya kuelewa. Nilikuwa kazini mwaka huo. Kwangu ilipita kama habari ya redioni.

Toba yangu ya kwanza nayo ilikuja na kosa jingine. Nilianza kueleza, na nikaeleza kwa uhakika nisiokuwa nao. Nilimwambia kila mgonjwa kwamba ubongo wake umepungukiwa kemikali iitwayo serotonini na kidonge kinaijazia. Watu waliyapenda maelezo hayo, kwa sababu yanaondoa aibu. Lakini mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wa London walichapisha mapitio ya tafiti nyingi, wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba sonona inasababishwa na upungufu wa serotonini. Hilo halimaanishi dawa hazifanyi kazi. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walikuwa wamekusanya majaribio 522 ya dawa 21 za sonona kwa watu wazima, na zote 21 zilikishinda kidonge kitupu kisicho na dawa, ingawa si kwa tofauti kubwa. Nikabadilisha maneno. Sasa nasema: dawa hii inawasaidia wengi, haiwasaidii wote, na namna hasa inavyosaidia wataalamu bado wanaijadili. Nilidhani wagonjwa wangevunjika moyo. Wengi wanatikisa kichwa kukubali, wanauliza swali linalofuata.

Maswali yao ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja dereva wa bodaboda alipoandikiwa fluoksetini aliniuliza, akiangalia chini, kama itampunguzia nguvu za kiume. Zamani ningemjibu, "Wala usiwaze hayo." Nikamwambia inaweza: hamu kupungua, au kuchelewa kufika. Akauliza ikitokea itakuwa hivyo siku zote? Nikamjibu kwamba kwa wengi hurudi hali ya kawaida dozi ikipunguzwa au dawa ikibadilishwa, na kwamba wapo waliotoa taarifa kuwa tatizo liliendelea hata baada ya kuacha. Alifikiri. Akasema ataanza, lakini anataka mke wake naye aambiwe, asije akadhani ana mwanamke nje. Tulimwita mke siku ya kliniki. Kama ningemficha, angeyagundua mwenyewe usiku mmoja, akaacha dawa kimya, na ndoa ingeongezewa mgogoro juu ya ugonjwa.

Kwa kijana wa umri wake kuna jambo jingine ambalo siliruki tena hata nikiwa na haraka. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za sonona ziwekewe onyo kali kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo likapanuliwa hadi miaka 24: wiki za mwanzo mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka. Namwambia mgonjwa hivyo akiwa na ndugu yake, kwa uwazi, na namwambia afanye nini: asikae peke yake, arudi siku hiyohiyo, asingoje tarehe ya kliniki. Dawa anapewa kidogo kidogo mwanzoni, na mtu wa nyumbani ndiye anayezitunza. Niliogopa kwamba kulitaja jambo hili ni kulipanda kichwani mwa mtu. Niliowaambia walionekana kupumua, kama waliokuwa wakingoja mtu alitaje kwanza.

Wengine wanauliza, "Mpaka lini?" Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri mtu aendelee miezi kadhaa baada ya dalili kuisha, kisha dawa ipunguzwe taratibu. Nawaambia pia kuhusu utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021, wa watu waliokuwa kwenye dawa muda mrefu na kujiona wamepona: ndani ya mwaka, sonona ilirudi kwa asilimia 56 ya waliopunguziwa mpaka wakaacha, na asilimia 39 ya walioendelea. Mtu mmoja anasikia namba hizo anasema ataendelea. Mwingine anasikia zilezile anasema atajaribu kuacha, na tunampangia namna.

Na wapo wanaokataa tangu mwanzo. Mama mmoja ambaye sonona yake ilikuwa nyepesi alisikiliza yote akasema hataki kidonge, anataka kuja kuongea. Daktari akakubali, kwa kuwa hata mwongozo huohuo haushauri kuanza na dawa kwa sonona nyepesi. Nakiri kwamba moyoni nilichukia kidogo. Nilizoea wodi ambayo neno langu ndilo la mwisho. Hilo bado nalishughulikia.

Wapo pia ambao siku ya kulazwa hawawezi kupokea neno: hawasemi, hawali, au wanasikia sauti nyingine kuliko yangu. Kwao nasema kwa sentensi fupi, naitaja dawa kwa jina, narudia kesho yake na kesho kutwa, mpaka siku wanaponiuliza wenyewe. Na ndugu wakiniomba nifiche nawaambia siwezi, nakaa nao kuwaeleza sababu. Wengine huondoka wamenuna.

Taarifa ya usiku wa bibi nimeiandikia nyongeza kwa mkono, nikatia sahihi na tarehe, nikamkabidhi mkuu wa wodi. Inaeleza nilichoandika kwenye kifuko na nisichomwambia binti. Nakala nilimpelekea mwenyewe kibandani kwake anakoshonea. Aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza kama nina nguo ya kupunguza.

Walioondoka wodini kwetu miaka ile na vifuko vyenye mwandiko wangu ni wengi, na siwezi kuwapata wote. Kama ni wewe: vidonge vile huenda si vya usingizi. Usivikatize ghafla, usimpe mtu mwingine hata kama ni mzazi wako, viweke mbali na watoto. Nenda navyo hospitali au duka la dawa lililo karibu, uliza jina la dawa, inatibu nini, na utaimeza mpaka lini. Ukipenda kuja kwetu, mimi niko kliniki asubuhi, na kifuko uje nacho hata kama kimebaki kitupu.